Neno Lililoanzia Kifuani

Mchana ule uligoma kuisha. Jua lilipanda mpaka utosini, likasimama, likawa kama mgeni aliyeketi barazani na hana habari ya kuaga. Watu wa mji walikwenda sokoni wakarudi, wakapika wakala, watoto wakalala wakaamka, na bado ilikuwa adhuhuri. Ukiniuliza mji huo uko wapi, sitakwambia, maana ukishajua utasema, "Ala, kumbe ni kwao, si kwetu," ufunge kitabu ukalale. Nami sitaki ulale. Shika tu kwamba palikuwa na mji, na katika mji huo palikuwa na jumba refu jeupe lililoitwa Nyumba ya Neno, na mbele ya mlango wa jumba hilo mwanamke mmoja, jina lake Kazija, alikuwa ametandika mkeka na kukaa juu yake. Tangu alipoutandika, kivuli chake hakikusogea.

Alikuwa amemfuata mumewe. Vuai alikuwa mchimbaji, mtu wa sururu na koleo, mmoja wa waliochukuliwa kuchimba chini ya jumba, kwa sababu Mkuu wa Nyumba alitaka ghala jipya chini ya ghala la zamani. Ukuta ulimwangukia. Ndivyo Kazija alivyoambiwa: ukuta umemwangukia, amekufa papo hapo, hata maumivu hakuyasikia, Mungu amlaze pema. Maiti ilikuwa humo humo ndani, imeoshwa, imevishwa sanda, inangoja. Kazija angepewa mume wake akazikwe mara tu atakapomlilia kama sheria ilivyotaka, na sheria ilitaka alie kwa neno moja tu.

Neno lenyewe lilikuwa la Kiingereza, plaintive, na kwa kuwa ndimi za mji ule hazikuzoea kubanwa hivyo, watu walilitamka pleintivu. Mkuu alirudi nalo kutoka safari. Alilisikia huko mezani, mtu akilitumia kusifu sauti ya filimbi, akauliza maana yake, akaambiwa ni sauti yenye huzuni, lakini huzuni laini, huzuni isiyomwamsha jirani. Akalipenda hapo hapo. Mji wake ulikuwa na aibu moja mbele ya wageni: wanawake wake walilia. Walipolia, wageni waliolala vyumba vya juu vya jumba waliruka vitandani wakiuliza kuna vita gani. Basi neno likapewa jumba, likapewa walinzi na walimu, na kilio cha zamani kikapigwa marufuku. Tangu hapo aliyefiwa alipaswa kufungua mdomo kidogo, kama anayepuliza chai, ainamishe macho, atoe sauti puani na aiache ifie hewani. Na asiulize swali lolote.

Hapo penye swali ndipo penye mkasa wetu. Mtaani kwa Kazija mtu alipofariki, mkeka ulitandikwa mlangoni, na yule aliyekuwa karibu naye kuliko wote alijipiga kifua kwa ngumi, akamwita marehemu kwa jina na kumuuliza: nani kakuua? Aliuliza mara tatu. Jibu lilitoka kwa mtu wa damu ya marehemu, na lilikuwa lazima liwe kweli. Kama ni homa, alijibu homa. Aliyeanguka mnazini, ilijibiwa mnazi. Kuna bwana mmoja alikufa arusini kwa kushindilia, na nduguye akajibu kwa sauti ya juu kabisa, "Pilau!" Watu walicheka mpaka wakashikana mabega, kisha wakalia zaidi kuliko walivyokuwa wakilia mwanzo, na mkeka ukakunjwa, na marehemu akazikwa. Bila jibu mkeka haukunjwi. Na mkeka usipokunjwa hakuna anayezikwa, na siku haina ruhusa ya kwenda.

Sasa unaelewa kwa nini jua lilisimama.

Pembeni ya Kazija aliketi Bi Mashavu, mama mzazi wa Vuai, amejifunika kanga usoni. Kwa damu, yeye ndiye aliyepaswa kujibu. Lakini Bi Mashavu alikuwa na mtoto mwingine, Makame, mkalimani wa Nyumba ya Neno, aliyekula na kulala humo. Mtoto mmoja yuko katika sanda na mwingine yuko katika suti, na wote wawili wako ndani ya mlango ule ule. Kila Kazija alipoinua ngumi kutaka kuuliza, mkwewe aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Usimuulize, mwanangu," alisema chini ya kanga. "Ukiuliza itabidi nijibu."

"Nisipomuuliza atazikwa vipi, mama?"

"Lia hicho cha kwao tumchukue mtu wetu. Mungu anajua."

"Mungu anajua, ndiyo. Mimi sijui."

Makame akatoka. Alikuwa kijana mrefu, mwenye adabu, na sura ya Vuai iliyopigwa pasi. Alichuchumaa mbele ya mkeka bila kuukanyaga, maana mila ya mkeka hakuisahau.

"Shemegi, pole. Pole sana. Wamenituma nikubembeleze."

"Bembeleza."

"Ni neno tu, shemegi. Litoe puani, halichukui muda. Mimi mwenyewe hulitamka kila siku na sijadhurika."

Kazija alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa ya kupayuka. Ilikuwa imetulia ndani yake kama maji ya mtungi. "Shemegi," alisema, "mtu akikuletea chungu akakwambia mpikie mumeo humu, hutouliza chungu kimetoka wapi na kilipikiwa nini? Mnanipa neno nimtie Vuai ndani yake. Limetoka wapi?"

Makame akatabasamu kwa mara ya kwanza, kwani sasa aliguswa penye ujuzi wake. Aliamini kwa moyo safi kwamba shemegi yake alikataa lile neno kwa kutolijua, na kwamba akiona lilivyo la kale, lilivyopita vinywani mwa wafalme na makasisi, atalistahi na kulitumia. Ndilo kosa lake, na ni kosa la wakalimani peke yao, kudhani kwamba kila kitu kikifafanuliwa kitakubaliwa. "Twende nikuonyeshe," alisema. "Limehifadhiwa lote humu. Kila sakafu tunayoshuka ni zama za nyuma yake."

Kazija akamwachia mkwewe mkeka, akaingia.

Sakafu ya juu ilikuwa ya mazulia. Humo neno lilikuwa kama lilivyo leo kwa Waingereza. Mwalimu wa sauti alikuwa akifundisha wajane, nao wamekaa safu safu, wakitoa puani sauti nyembamba, nzuri, ya kuombea usingizi. Ungedhani ni filimbi, au paka mwenye malezi aliyefungiwa nje. Kazija aliwatafuta machoni akakuta macho yameinamishwa yote. Mmoja wao Kazija alimfahamu, jirani yake wa zamani. Alimwita kwa jina, na yule jirani akageuka polepole, akamjibu kwa jina la mtu mwingine, akarudi kwenye sauti yake.

"Kwa nini hajui jina langu?"

"Hapa majina hayatakiwi," Makame alisema. "Huzuni ikiwa haina jina inapendeza kila mtu."

Walishuka. Hewa ikawa nzito zaidi, na mishumaa badala ya taa. Hapa neno lilizungumza Kifaransa cha zamani, na hapa Makame alianza kueleza kwa bidii, mikono yake ikicheza. Alisema kwamba Waingereza walilichukua kutoka kwa watu hawa, na kwamba kwa watu hawa lilikuwa halijawa la filimbi. Lilikuwa la malalamiko. Ukumbi ulijaa watu waliosimama mbele ya meza ndefu wakilalama, mwenye kuporwa shamba, mwenye kuuliwa mbuzi, mama aliyechukuliwa binti. Walikuwa wakilia na kushtaki kwa pumzi moja, wala hapakuwa na aliyeona ajabu.

"Hawa wanalia au wanadai?" Kazija aliuliza.

"Hapa hayo mawili hayajatenganishwa bado."

"Nani aliyatenganisha?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Makame hivyo katika kazi yake yote. "Tushuke," alisema.

Kazija alishuka mbele yake sasa. Nikueleze kilichokuwa kikipita kichwani mwake, maana ngazi zile zilikuwa ndefu kuliko jumba lenyewe, na mtu akishuka ngazi ndefu namna hiyo hujisikia anaongea.

Neno. Wameniletea neno. Vuai alikuwa akipenda chai ya tangawizi, alikuwa akikoroma, alikuwa akigombana na mlango wa uani kila asubuhi kama vile mlango una masikio. Yote hayo ni ya kutoa puani? Nani kaamua mimi nilie kama nani? Nimeolewa kwa kelele, ngoma ilipigwa mpaka alfajiri, hakuna aliyesema kuna wageni wamelala. Furaha yangu ilikuwa na ruhusa. Na neno hili, kila tukishuka linakunja ngumi. Juu lilikuwa halina mikono. Pale katikati likaota kidole cha kunyooshea mtu. Kuna nini huko chini? Nasikia. Si ni moyo wangu huo? Siyo. Unatoka chini.

Sakafu ya tatu ilikuwa ya mawe matupu, na sauti ndiyo iliyowapokea. Walikuwa wanawake tu, wengi, wa zama za Kilatini, nywele wazi, na kila mmoja alikuwa akikipiga kifua chake kwa ngumi. Makame ilimbidi aseme kwa kelele ili asikike. Alisema hapa neno halikuwa na maana ya sauti kabisa. Maana yake ilikuwa kupiga. Lilianza kama pigo la mkono juu ya kifua cha aliyefiwa, na watu wa juu walikuja kuusikia mshindo tu, kisha wakausahau mkono. Alieleza haya kwa fahari, macho yakimng'aa, kisha fahari ikamwishia njiani, kwa sababu alimwona Kazija anavyowatazama wale wanawake.

Mmoja wao alikuwa amefunga kanga. Hakukuwa na kanga Rumi, najua, wewe pia unajua, lakini alikuwa amefunga kanga, na fundo lilikuwa upande wa kushoto kama Kazija anavyofunga. Aligeuka. Uso ulikuwa wa Kazija. Hawakushtukiana. Yule wa kale aliendelea kupiga kifua huku akimtazama, na Kazija akaona kwamba midomo yake inauliza kitu, na kwamba swali analijua.

"Shemegi," alisema, "kwa hiyo hili neno lenu ni letu."

"Sikuwa nimelifikiria hivyo."

"Mmelipandisha ngazi mpaka likachoka, halafu mnanipa mimi nijifunze." Akacheka kicheko kifupi, kikavu. "Na chini ya hapa?"

"Chini ya hapa hakuna neno tena."

"Nimekuuliza kuna nini."

Chini ya hapo palikuwa na ghala jipya.

Kazija alishuka peke yake hatua za mwanzo, kisha akamsikia anamfuata. Shimo lilinuka udongo mbichi na karafuu maiti. Upande mmoja palikuwa na kifusi cha ukuta ulioanguka. Upande mwingine, juu ya ubao, palikuwa na sanda. Kazija alipiga magoti, akamfunua Vuai usoni, akamwamkia kama alivyokuwa akimwamkia asubuhi. Kisha akamfunua mikono, maana alitaka kumshika mkono.

Mikono ilikuwa imeumuka. Ubavu wa kila ngumi, kuanzia kidole cha mwisho hadi kifundo, ngozi ilikuwa imechanika na imejaa chokaa. Waoshaji waliosha walivyoweza, lakini chokaa iliyoingia ndani ya nyama haikutoka. Kazija akatazama kile kifusi, na nyuma ya kifusi akauona uwazi mdogo, na ndani ya uwazi, ukuta wa pili uliosimama mzima, na juu yake madoa ya damu yaliyokauka, mengi, mahali pamoja.

"Hakufa papo hapo," alisema.

Makame alikuwa ameegemea ngazi.

"Alikuwa akigonga. Makame. Alikuwa akigonga!"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tupu. Yule kijana alishuka chini taratibu mpaka akakaa kwenye udongo na suti yake.

"Tulisikia," alisema. "Juu kote tulisikia. Kulikuwa na wageni siku ile, na mshindo ulikuwa ukitoka chini, unapanda na ngazi. Wageni wakauliza ni nini. Mkuu akawaambia ni neno lenyewe linapumua katika asili yake, ndiyo kwanza mizizi yake inafikiwa. Wakakaa kimya kusikiliza. Wengine walitoa machozi, shemegi, wakasema ni kitu kizuri mno. Wakapiga makofi."

"Na nani aliwaambia hivyo kwa lugha yao?"

"Mimi," alisema Makame. "Sikujua ni yeye."

"Ulijua ni mtu?"

Kazija hakungoja jibu. Alimfunika mumewe mikono, kwanza wa kulia kisha wa kushoto, akamfunika uso. Hakulia. Kilio alikuwa nacho, lakini hakutaka kukitumia shimoni ambako kingepanda ngazi na kuitwa kitu kingine. Alikibeba. Alipita na kilio chake kwa wanawake wa Rumi, na waliacha kupiga wakampisha. Alipita ukumbi wa malalamiko, akapita kwenye mazulia, na jirani yake wa zamani akainua macho akasema, "Kazija?" kama mtu anayeamka. Akatokea mlangoni kwenye lile jua lisilosogea, akasimama juu ya mkeka wake.

Mkuu wa Nyumba alikuwa ameshafika. Nitakuwa mwongo nikisema alikuwa na sura ya ubaya. Alikuwa mzee mtulivu, mwenye harufu ya asumini, na nyuma yake walisimama wageni wake na askari wawili. Watu wa mji walikuwa wamejaa uwanjani, wamechoka na mchana.

"Bibie," Mkuu alisema kwa upole, "jumba limekufungukia mpaka chini. Umeona heshima ya neno. Sasa mlilie mwenzio, watu wakapumzike."

"Nitamlilia," Kazija alisema. "Nimeshajua linavyoanza."

Akakunja ngumi akajipiga kifuani. Mshindo ulisikika uwanja mzima.

"Vuai! Nani kakuua?"

Watu walisahau kuhema. Swali hilo lilikuwa halijasikika hadharani tangu neno lilipowasili, na kuna watoto wakubwa pale ambao hawakuwahi kulisikia kabisa. Mkuu akaona awahi yeye. "Ukuta," alisema. "Ukuta ndio uliomuua. Sote tunajua, na sote tumesikitika."

"Wewe una damu naye?"

"Bibie..."

"Nakuuliza, mna damu? Mmenyonya ziwa moja? Basi hukuulizwa." Hapo mtu mmoja nyuma alicheka bila kutaka, na kicheko kile kikawapa wengine pumzi. Kazija akajipiga tena. "Vuai! Nani kakuua?"

Bi Mashavu aliishusha kanga usoni. Alimtazama Makame, aliyekuwa amesimama mlangoni katikati ya wale askari wawili, na udongo kwenye suti, na kila mtu uwanjani alielewa anachokitazama. Alikuwa anahesabu watoto. Akakifunika kinywa kwa kiganja, na machozi yakampita katikati ya vidole.

Mmoja wa wageni akamgusa Makame begani akamnong'oneza. Alikuwa akiuliza mwanamke huyu anayejipiga kifua anasema nini.

"Mwambie analia," Mkuu alisema bila kugeuka. "Mwambie ni pleintivu ya kienyeji."

Kazija akainua ngumi mara ya tatu. Alikuwa anaogopa sasa, nikwambie kweli, na hofu yake haikuwa ya askari. Aliogopa kwamba atauliza na hapatakuwa na jibu, na Vuai atabaki kwenye ubao ule, na adhuhuri hii itakuwa ndiyo maisha ya mji huu, watu watazaliwa na kuzeeka ndani yake wakidhani ndivyo mchana ulivyo. Akapiga.

"Vuai! Nani kakuua?"

Makame aliwageukia wageni. Aliwaambia kwa lugha yao, polepole, kama alivyofundishwa kutafsiri, bila kuongeza na bila kupunguza, kwamba mwanamke huyu anauliza nani kamuua mumewe, na kwamba ule mshindo waliousikia na kuulilia ulikuwa mikono ya mumewe ikiomba kufunguliwa. Kisha akawageukia watu wake. Sauti haikumtoka puani.

"Nyumba hii ndiyo iliyomuua! Aligonga, tukamsikia, tukamfanya wimbo. Mimi ni ndugu yake wa tumbo moja, na nimejibu."

Bi Mashavu akatoa kile kilichokuwa kimekwama. Sina jina lake, na ningekuwa nalo nisingelitaja, wasije wakalijengea jumba. Alijipiga kifua, na mwanamke aliyekuwa nyuma yake akajipiga, na wa nyuma yake, na wanaume pia ambao mila haikuwaomba, mpaka vioo vya madirisha vikaanza kulia katika fremu zake, na wajane wa sakafu ya juu wakatoka mlangoni wakikimbia, kila mmoja akiita jina la mtu wake na kuuliza. Waliulizia vifo vya miaka mingi. Wachimbaji waliobaki hawakungoja amri. Waliingia, wakashuka, wakapanda na Vuai katika jeneza mabegani.

Mmoja wa wale askari alikuwa ameshamkamata Makame mkono. Mkuu alikuwa amekwisha kutoa ishara.

Kazija aliinama akaukunja mkeka. Aliukunja taratibu, akiupiga vumbi kila mkunjo, jibu likiwa limepatikana na haki ya mkeka imetimia. Akautia kwapani. Kisha akamwendea yule askari, si Mkuu, askari, kijana wa mtaa wa pili ambaye mamake na Kazija walikuwa wakichota maji pamoja.

"Huu nakwenda nao nyumbani," alimwambia. "Shemegi yangu akitembea na jeneza la nduguye, nitautundika ukutani ukae. Asipotoka humo ndani, nitarudi kuutandika hapa hapa, na safari hiyo jibu litakuwa jina lako."

Askari aliutazama mkeka. Akamtazama Mkuu, aliyekuwa akimwambia jambo ambalo halikusikika kwa ule mshindo. Akauachia mkono.

Makame akalikimbilia jeneza, akamwomba mchimbaji mmoja ampishe, akatia bega. Walipoondoka uwanjani, vivuli vyao vilikuwa vimeanza kurefuka.